Mwacha Asili na Mfumba Jicho: Wanawake Wageni na Vyama Vyao Katika Nchi ya Katavi

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo mgeni hawezi kuzitii zote kwa wakati mmoja. Ya kwanza yasema, mwacha asili ni mtumwa. Ya pili yasema, ukenda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Msafiri wa biashara hasumbuliwi sana na mgongano huu, kwa kuwa atafumba jicho miezi mitatu, auze mali yake, kisha arudi kwao alifumbue. Shida ni ya mwanamke aliyeolewa ugenini, au aliyetekwa akapelekwa mbali, au aliyekimbia vita akazaa huko alikokimbilia. Huyo hana safari ya kurudi. Akishika ya kwao, wakwe na majirani watamwita mgeni hadi kaburini. Akiyaacha, methali ya kwanza imekwisha kumpa jina lake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi wanawake wa namna hiyo walivyoutatua mgongano huu katika nchi moja ya bara, yaani Katavi. Mkoa wenyewe ni mchanga, kwani ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Sisi wa visiwani na mwambao aghalabu twaujua kwa mambo mawili: mbuga yenye viboko wengi, na reli inayochepuka Kaliua kuelekea Mpanda, iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi. Lakini nchi hiyo ya Wapimbwe, Wakonongo, Wabende na jirani zao ina historia ndefu ya kupokea wageni, na sehemu kubwa ya historia hiyo imebebwa na wanawake ambao majina yao hayamo vitabuni.

Tuanzie Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika walijenga kituo hapo, na mwaka 1885 wakakikabidhi kwa Mapadre Weupe. Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa bado inavuka ziwa kutoka Manyema na kupita katika nchi hizi kuelekea Tabora na pwani. Wamisionari walikomboa watu kwa kuwanunua, wengi wao watoto na wanawake, wakawaweka karibu na boma. Wasichana walipokua waliozwa kwa vijana waliokombolewa kama wao. Basi fikiria kaya ya namna hiyo: mume ametoka ng'ambo ya ziwa, mke ametoka kusini, jirani ametoka kaskazini, na hapana mmoja kati yao mwenye mjomba wa kumlalamikia wala shangazi wa kumfunda.

Mkaazi maarufu wa Karema ni mfano wa jambo hilo. Adrian Atiman alizaliwa mbali sana, katika nchi za mto Niger huko Mali ya leo. Alitekwa angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, alikotibu watu hadi kufa kwake mwaka 1956. Mkewe aliitwa Agnes Wansahira, mwanamke wa nchi hizi za ziwa. Habari za Atiman zimeandikwa mara nyingi, naye mwenyewe alisimulia maisha yake. Habari za Agnes ni mstari mmoja tu ndani ya habari za mumewe. Hata hivyo ni yeye aliyeendesha nyumba ambayo baba yake alizaliwa Mali na watoto wake walizaliwa Karema. Lugha ya kumbembelezea mtoto katika nyumba ile haikutoka Niger; ilitoka kwa mama, na kwa wanawake waliomzunguka mama.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulishika. Katika miaka ya 1890 masista wa Kizungu nao walifika Karema, na mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, ikaanza jumuiya ya masista Waafrika. Twaweza kulitazama tukio hilo kwa jicho la dini, na ni haki. Lakini tukilitazama kwa jicho la historia ya wanawake, twaona pia jambo jingine: wasichana wa makabila mbalimbali waliruhusiwa kuishi pamoja kwa chaguo lao, nje ya ukoo na nje ya ndoa, wakifundishana kazi na lugha. Wenzao walioolewa hawakuwa na nyumba ya namna hiyo; walikuwa na kisima, shamba, ufuko wa kuanikia dagaa, na ibada ya Jumapili. Mahali pawili pale, utawani na kisimani, mgeni alipata dada asiyezaliwa naye.

Wasomaji wa pwani hawana sababu ya kuona hadithi hii kuwa ya mbali. Misafara ileile iliyoacha wanawake Karema ilifikisha wengine Bagamoyo na Unguja. Mwaka 1897 hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja, lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo kwa hoja kwamba wao ni kama wake, na ilibidi wangoje hadi mwaka 1909. Tazama jinsi sheria inavyomfikiria mwanamke: mumewe au bwana wake ndiye mlango wake, na mlango ukifungwa hakuna dirisha. Wanawake wale walipopata uhuru, hawakukaa kungoja kupokewa na mabibi wa mjini. Waliingia katika ngoma. Historia ya lelemama, ambayo Margaret Strobel aliiandika kwa upande wa Mombasa na Laura Fair kwa upande wa Unguja, yatuonyesha vyama vyenye viongozi, vyeo, michango, sare na mashindano. Mwanamke ambaye mama yake alitekwa bara aliweza kuvaa kanga mpya, kuitwa kwa cheo, na kuzikwa na wenzake akifa. Vyama hivyo vilikuwa na kasoro zao. Mashindano yalifilisi watu, na si kila mtu alikaribishwa kila mahali. Lakini viliwapa wageni kitu ambacho amri ya mwaka 1897 haikukitaja, nacho ni mahali pa kuitwa mwenzetu.

Turudi Katavi, na turuke miaka. Mwaka 1972 Burundi iliingia katika mauaji makubwa. Baada ya maasi ya mwishoni mwa mwezi Aprili, jeshi liliwaua Wahutu kwa maelfu kwa maelfu, hasa wenye elimu, na wengine wengi wakakimbilia Kigoma. Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Kikristo la TCRS waliwapangia makazi porini: Ulyankulu upande wa Tabora, Katumba katika wilaya ya Mpanda mwaka 1973, na Mishamo, pia Mpanda, mwaka 1978. Katumba iko kando ya ile reli ya Mpanda. Mishamo ilikuwa msitu wa miombo uliogawanywa kuwa vijiji 16. Wakimbizi walifyeka, wakapambana na mbung'o na wanyama, na baada ya miaka michache wakawa wanalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakilisha wengine badala ya kulishwa. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, ambayo hutolewa kwa waliowatendea wema wakimbizi.

Katika taarifa za miaka ile tunasoma idadi ya kaya, magunia ya mahindi, madarasa na visima. Kaya huhesabiwa kwa jina la mwanamume. Lakini aliyekuwa anajenga upya maisha ya kila siku kwa sehemu kubwa alikuwa mama, na mama huyo alikabiliwa na hali ngeni kabisa. Milima ya Burundi ina nyumba zilizotawanyika, kila ukoo juu ya kilima chake. Katumba na Mishamo viwanja vilipangwa kwa mstari kandokando ya barabara, na jirani alikuwa mtu wa mkoa mwingine wa Burundi asiyejulikana kwao wala kwenu. Watoto walisoma mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili. Baada ya miaka michache mtoto ndiye akawa mkalimani wa mama yake dukani, zahanati na ofisini. Kwa mzazi yeyote hilo ni jambo la fahari na la aibu kwa pamoja.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na wakimbizi wa Mishamo na wa mji wa Kigoma katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1995 kimeeleza tofauti iliyo karibu sana na methali zetu mbili. Watu wa Mishamo, takriban 35,000 wakati ule, walishikilia historia yao kwa nguvu. Waliisimulia tena na tena, wakajiona taifa lililo uhamishoni, na kuoana na wenyeji hawakukutazama kwa jicho jema. Wale wa Kigoma mjini walifanya kinyume chake. Walijichanganya, wakaoa na kuolewa na Watanzania, wengine wakabadili majina na dini, wakapenda wasijulikane walikotoka. Mishamo ilikataa kuacha asili, Kigoma ikafumba jicho. Kila upande ulikuwa na hekima yake na gharama yake.

Gharama hiyo ilimwangukia mwanamke zaidi, kwa kuwa yeye ndiye anayeolewa na kuhama. Kwa mujibu wa sheria za wakimbizi, mtu wa makazi alihitaji kibali kutoka nje ya makazi yake. Mtoto aliyezaliwa Katumba alihesabiwa mkimbizi kama mama yake. Na sheria ya uraia ya mwaka 1995 ilimpa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia kwa njia ya ndoa, lakini haikumpa haki hiyo mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania. Kwa hiyo binti wa Mpimbwe au Mkonongo aliyempenda kijana wa Katumba hakuweza kumvuta mumewe kwenye uraia, ilhali binti wa Katumba aliyeolewa nje angeweza kuvutwa na mume. Ni suria wa mwaka 1897 tena, kwa sura nyingine: mlango wa mwanamke ni mwanamume.

Jambo hili si la Afrika tu. Katika ufuko huuhuu wa Tanganyika, kaskazini ya Karema, Wajapani wamejulikana tangu mwaka 1965 kwa uchunguzi wa sokwe wa Mahale. Taifa hilo, ambalo wengi wetu twalijua kwa wataalamu na magari yake, lina historia yake ya wanawake walioolewa ugenini. Baada ya Vita Kuu ya Pili maelfu mengi ya wanawake wa Kijapani waliolewa na wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa Japani. Australia ilikataa kuwapokea wake wa askari wake hadi mwaka 1952, kisha wakaingia wapatao 650. Kabla ya kusafiri kwenda Marekani wengi walipitia mafunzo ya Msalaba Mwekundu, wakifundishwa mapishi na desturi za nchi ya mume, yaani walifundishwa kufumba jicho. Waliofika walikaa miaka mingi bila kuwafundisha watoto wao Kijapani, wakihofia kuwaponza. Na sheria ya kwao, hadi ilipobadilishwa mwaka 1984 na kuanza kutumika mwaka 1985, haikumpa mtoto uraia wa Japani kupitia kwa mama mwenye mume mgeni. Baadaye wanawake hao walianzisha vyama vyao vya kukutana. Kwa mtu wa nje, chama cha namna hiyo ni chai na maongezi. Kwa mwanachama, ni saa mbili ambazo hahitaji kueleza yeye ni nani.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo Katumba na Mishamo pia, ingawa hapana ukumbi wala kibao mlangoni. Warundi wana neno ikibiri, yaani kufanya kazi kwa zamu kwa kusaidiana: leo shamba lako, kesho langu. Ni ndugu wa kiwili chetu na wa ujima. Kwa wanawake wa makazi, desturi hiyo haikuwa ya kilimo tu. Kikundi cha kupalilia ndicho kilichokuja kuwa kikundi cha kwaya, kikawa cha kutunza mzazi, kikawa cha kubeba matanga, kikawa cha kuweka akiba na kupokezana upatu. Sahani za arusi zilitoka hapo, na sanda pia. Mtanzania aliyeolewa katika makazi aliingizwa humo na wifi au mama mkwe. Mrundi aliyeolewa nje aliingia katika kikundi cha huko akiwa na ujuzi wa ikibiri mikononi. Hakuna aliyemwuliza mwenzake cheti. Aliulizwa jembe.

Kikundi cha namna hiyo kilifanya kazi mbili ambazo ofisi haikuweza. Kwanza, kilimfundisha mgeni lugha ya wenyeji bila kumcheka. Mama aliyeona haya kusema Kiswahili kibovu mbele ya karani alikisema bila haya mbele ya wenzake shambani, akasahihishwa kwa kicheko cha upendo. Pili, kilimpa ruhusa ya kusema lugha yake mwenyewe bila kutiliwa shaka. Ndani ya mstari mmoja wa palizi aliweza kuanza kwa Kirundi, akaitikiwa kwa Kiha, jamaa yake wa karibu sana, na akamalizia kwa Kiswahili. Hapo hakufumba jicho wala hakuacha asili. Methali zile mbili, ambazo sheria na ndoa zilimlazimisha achague moja, zilikaa pamoja kwa amani.

Wapenzi wa ushairi wana sababu nyingine ya kuwajali akina mama hawa. Burundi ina salamu ya wanawake inayoitwa akazehe. Si salamu ya kusemwa tu, huimbwa. Aghalabu huwa na wanawake au wasichana wawili: mmoja huongoza kwa maneno ya kuulizia hali, mwenzake huitikia kwa vipande vifupi vinavyopishana na vya kwanza, upesi, hata masikio yasitambue tena sauti ipi ni ya nani. Wataalamu wa muziki wameirekodi tangu miaka ya 1960 na kuichambua kama sanaa ya hali ya juu. Sisi tunaojivunia majibizano ya washairi, beti kwa beti, vina kwa vina, hatuna budi kuvua kofia mbele ya sanaa ambayo ndani yake majibizano na salamu ni kitu kimoja. Zingatia pia kwamba haiimbiki peke yako. Mtu mmoja aweza kulikariri shairi gerezani au jangwani. Akazehe yahitaji wa pili anayejua. Mwanamke aliyeolewa mahali pasipo mwenziwe hakuisahau. Aliikosea mtu wa kumwitikia. Hii ndiyo maana ya chama kwa mgeni, na sijui mfano ulio wazi kuliko huo.

Sasa tufikie mwisho wa habari, ambao bado si mwisho. Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa zilikubaliana kuyafunga makazi ya zamani. Kila mtu aliulizwa: warudi Burundi au waomba uraia? Takriban wanne katika kila watano walichagua uraia. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba watu 162,156 wamekubaliwa, lakini kwa sharti la kuhama makazi na kutawanywa katika mikoa mingine. Tafakari maana ya sharti hilo kwa vikundi tulivyovitaja. Aliyepanga alifikiri kutawanya watu kutawafanya wawe Watanzania upesi. Lakini akina mama walikuwa wamekwisha kuwa Watanzania kwa njia ya vikundi hivyohivyo ambavyo kutawanywa kungevivunja. Kwa miaka minne walilima bila kujua kama watavuna, na wenye nyumba mbovu waliogopa kuezeka. Hatimaye sharti hilo likaachwa, na mwezi Oktoba mwaka 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Leo Katumba imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo na Mishamo katika wilaya ya Tanganyika, na watu wake hupiga kura kama sisi.

Cheti ni jambo kubwa, na asiyewahi kukikosa asikidharau. Kimemwondolea mwanamke wa Katumba ulazima wa kutafuta mume awe mlango wake. Lakini cheti hakiimbi. Mama aliyevuka mpaka mwaka 1972 akiwa na miaka 25 sasa amekaribia 80. Wajukuu wake wanasema Kiswahili kitupu, na kizuri, na wengine huona haya kuitwa kwa jina la Kirundi mbele ya wenzao. Haya hiyo si sheria iliyoileta, wala sheria haitaiondoa. Ilitokana na miaka mingi ya kuambiwa wageni, na sisi wenyeji ndio tuliosema.

Kiswahili chetu kilikua kwa kumeza maneno ya wageni bila kuwauliza cheti, na lelemama yetu ilichezwa na mabinti wa waliotoka bara. Kwa hiyo deni tunalo. Njia nyepesi ya kulilipa ni kwenda na chombo cha kurekodia hadi Katumba, Mishamo na Karema, kuketi chini ya mwembe na bibi wawili, wawili kwa sababu mmoja hatoshi, na kuomba watusalimie. Kisha salamu hiyo iandikwe kwa Kirundi chake, ifasiriwe kwa Kiswahili, na ichapishwe katika kurasa kama hizi, kando ya tenzi zetu. Mjukuu akiikuta hapo huenda akamwuliza bibi yake jinsi ya kuitikia. Bibi atakuwa amempata wa pili.